Askari Shingoni mwa Mke wa Matthew

Tongaren, Jumatatu, 17 Machi 2025

Mvua ya kupandia ilinyesha jana alasiri, na leo udongo umeshika vizuri. Ninaanza kuandika kwa sababu, tangu mke wangu Rasoa alipotutoka, sina wa kumsimulia siku yangu jioni, na mzee anayejisemea peke yake huwatia majirani wasiwasi. Atakayezikuta kurasa hizi aniwie radhi.

Mke wa Matthew amefika kutoka Kibomet, kule Kitale, alikokuwa na kibanda cha kushonea nguo. Anasema amechoka na atakaa hapa nyumbani kwa muda. Jina lake ni Jepchumba, binti wa watu wa mlimani upande wa Kapsokwony, lakini kwetu baba mkwe halitaji ovyo jina la mke wa mwanawe. Hamshiki mkono, haketi alipoketi yeye, wala haingii jikoni akiwamo. Matthew, mwanangu wa pekee, yuko Doha katika kazi ya ulinzi, na mkataba wake hauishi hadi mwakani. Basi tunaishi boma moja sisi wawili, yeye katika nyumba yao na mimi katika yangu. Nikiwa na neno, hulisemea hewani nikiutazama ukuta: "Ikiwa kuna mtu jikoni, aarifiwe kwamba mbuzi ameingia kwenye mboga za sukuma." Naye hujibu kutoka ndani: "Mtu amesikia, Baba."

Amejifunga skafu shingoni, ingawa joto ni kali. Haikuwa haki yangu kuuliza.

22 Machi

Tumemaliza kupanda shamba la juu. Skafu ingalipo.

Alhamisi, 3 Aprili

Waithera, jirani yetu mwenye kinu cha kusaga unga, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakati mashamba haya yalipogawanywa, alikuja leo akiongea tangu langoni.

"Mzee Wabwile! Hii shingo ya mkweo umeiona?"

"Niwie radhi, mama. Shingo yake si kitu cha mimi kutazama."

"Basi mimi nimetazama. Iko na uvimbe kama ngumi ya mtoto. Na akilala anatoka jasho mpaka shuka inakamuliwa. Amekonda, nguo ndizo zinamvaa! Alikuwa anangoja nani aone? Wewe?"

Nilisema kwamba mwanamke ana siri zake, na kwamba kama angetaka nijue angepitisha neno kwa mtu.

"Ni mtu gani, mzee? Hapa si ni nyinyi wawili na kuku?"

Kesho wataondoka pamoja kwenda Kitale. Nitafuata nyuma yao, kama inavyofaa.

Ijumaa, 11 Aprili, Kitale

Wamekata kipande cha uvimbe ili kipelekwe maabara. Muuguzi alitoka akaniomba niingie nimshike mgonjwa mkono, kwani alikuwa akitetemeka.

"Naomba radhi sana, sista. Mimi ni baba mkwe."

"Kwani baba mkwe hana mikono?"

Waithera aliinuka akaingia, akaniachia mkoba wake nimshikie. Nilikaa kwenye benchi na mkoba huo wa rangi ya waridi mapajani, nikiomba. Kwa miaka mingi nilikuwa mkaguzi katika ghala la nafaka mjini humu. Nilidunga gunia kwa bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha kali, nikachota kiganja kimoja cha mahindi, na kwa kiganja hicho nikasema gunia lote ni zima au limeoza. Sikuwahi kujiuliza gunia lingehisi nini. Mungu anisamehe kwa mfano huu. Ndio pekee nilionao.

20 Aprili, Pasaka

Mvua. Ibada ilikuwa fupi. Majibu bado.

Ijumaa, 25 Aprili, Kitale

Ni saratani ya tezi za limfu, aina iitwayo Hodgkin. Ninaandika neno hilo kwa uangalifu kwa sababu daktari aliniandikia.

Daktari Jelagat ni msichana mdogo kuliko nilivyotarajia, mwenye subira kubwa. Alituketisha, mke wa Matthew upande mmoja, mimi upande wa pili nikiutazama mlango, na Waithera katikati kama ukuta. Alisema kwamba ugonjwa huu una dawa, na kwamba wengi hupona. Sindano zitachomwa kila baada ya majuma mawili hadi mwishoni mwa Oktoba. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Kisha akatueleza jambo la ajabu. Katika uvimbe wa aina hii, seli zenye saratani ni chache. Sehemu kubwa ya uvimbe ni seli za kinga za mwili wenyewe, askari waliokuja kupigana nazo wakazizunguka.

"Wamezizunguka wanafanya nini?" akauliza mke wa Matthew. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikiwa karibu nami hivyo.

"Hiyo ndiyo tunataka kujua. Wengine wanapigana. Wengine wamesimama tu."

"Basi wako kama Matthew. Wamevaa yunifomu, wanalinda geti ya watu wengine."

Waithera alicheka hadi akapangusa macho. Hata mimi nilitabasamu, nikiutazama mlango.

Daktari aliomba ruhusa kipande kilichobaki kitumike katika utafiti. Wanakipaka rangi, wanahesabu ni askari wa namna gani wamo, na wanajaribu kutabiri ni wagonjwa gani watapona kabisa na ni wagonjwa gani ambao ugonjwa utawarudia. Alimwambia: "Ni hiari yako. Na ni hiari yako pia kuambiwa majibu ama kukataa."

Mke wa Matthew alikunja ncha ya skafu yake. Kisha akajibu kama binti aliyelelewa vizuri: "Mambo kama hiyo inaanzia kwa mzee. Muambie Baba kwanza. Yeye atajua vile ataniambia."

Alinipa heshima. Natamani asingalinipa.

6 Mei

Sindano ya kwanza ilichomwa jana. Anatapika. Husikika hadi kwangu. Nilisemea ukuta kwamba tangawizi ipo.

13 Mei

Palizi. Viwavi wameingia katika mahindi ya chini.

19 Mei

Nywele zake zimeanza kutoka. Waithera alimnyoa uani, wakiimba nyimbo za Kikuyu ambazo hakuna hata mmoja wao aliyejua maneno yake yote. Nilizunguka kwa njia ya nyuma ili nisipite mbele yao.

Ijumaa, 30 Mei

Kliniki imepiga simu. Kijana mwenye adabu alisema: "Mzee, ile sampuli ya utafiti imesomwa. Imeonekana iko na seli za kinga nyingi sana. Daktari angependa muonane Alhamisi."

Nyingi sana! Nilimwomba arudie, akarudia. Nilikaa chini kwenye ngazi. Askari ni wengi mno ndani yake, na adui ni wachache. Mtu anahitaji ushindi gani zaidi ya huo? Nilitaka kukimbilia jikoni nimwambie, miguu ikanipeleka hadi mlangoni, ikasimama hapo yenyewe. Nikaona afadhali nilitangaze neno hili mahali ambapo mimi na yeye tunaweza kulisikia kwa pamoja bila aibu.

Jumapili, 1 Juni

Nimetoa ushuhuda kanisani. Katika kanisa letu la Marafiki, mtu aliyetendewa jema husimama, na mimi sikuwa nimesimama tangu mazishi ya Rasoa. Nilisema kwamba madaktari wamechungulia ndani ya uvimbe wa mke wa mwanangu wakaukuta umejaa askari ambao Mungu mwenyewe aliwapanga. Watu walipiga makofi. Kina mama walimwinua wakamzungusha mbele wakiimba. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani, naye alikuwa akilia na kucheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu harusi yao.

Hata Waithera, ambaye si wa kanisa letu na alikuja kwa ajili ya wimbo tu, alinishika bega: "Kumbe wewe mzee wa shule ya misheni uko na maneno!"

Alhamisi, 5 Juni, Kitale

Nilikwenda peke yangu, kwa kuwa yeye hakuwa na nguvu za safari. Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Daktari alinionyesha picha katika kompyuta. Ilikuwa kama kitambaa cha waridi kilichomwagiwa chai, madoa ya kahawia kila mahali.

"Hizi za kahawia, Mzee, ni zile seli kubwa za kinga. Kazi yao kwa kawaida ni kula uchafu na viini. Kwake ziko nyingi sana."

"Tunamshukuru Mungu."

Daktari aliufunga na kuufungua mfuniko wa kalamu yake.

"Mzee, kuna askari wa aina nyingine ambao tungefurahi wakiwa wengi. Hawa, kwa ugonjwa huu, hapana. Saratani inawageuza. Wanaacha kupigana, wanaanza kuitunza. Wanaiwekea ukuta, wanaiitia mishipa ya damu iipatie chakula. Katika wale wagonjwa tumefuata, wenye walikuwa nao wengi namna hii, ugonjwa uliwarudia zaidi kuliko wengine."

Niliuliza kama amekosea kuhesabu. Nikaomba radhi kwa kuuliza. Alisema waliohesabu ni watu wawili, kila mmoja kivyake.

"Je, dawa itabadilishwa?"

"Hapana. Bado ni utafiti. Kwa sasa dawa ni ile ile."

"Basi, daktari, kwa heshima yote, mimi nimeambiwa ili nifanye nini?"

Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, akasema: "Aliomba uambiwe, Mzee. Na hii ni hesabu ya kundi la watu. Si ya mtu mmoja. Jepchumba anaweza kuwa kati ya wale wenye wamepona."

Ninajua maneno hayo. Niliyasema mwenyewe kwa wakulima, kwamba kiganja si gunia. Lakini niliandika hukumu kwa kiganja hicho hicho, na mara chache sana ndipo gunia lilipokuja kunikanusha.

Nilipofika nyumbani alikuwa amesimama penye ua, akingoja, uso ukitazama pembeni kama desturi.

"Baba amerudi salama? Daktari alisema aje?"

Niliutazama ukuta. Nikasema: "Ikiwa kuna mtu anayeuliza, aambiwe kwamba daktari anamsalimu, na dawa iendelee."

"Mtu ameshukuru," akasema, akaingia ndani akiimba wimbo wa Jumapili.

8 Juni

Sikwenda kanisani. Nilisema ni goti.

15 Juni

Kanisani wamempa jina. Wanamsalimu, "Askari tele!" naye anainua mkono kwa saluti. Mchungaji ametumia habari zake katika mahubiri.

24 Juni

Uvimbe umeshuka sana. Waithera ameniambia. Matthew alipiga simu kutoka Doha, sauti imejaa furaha: "Baba, mke wangu ameniambia mambo ya askari. Nimewaambia hata Wanepali wenye tunakaa nao!" Nilimwambia ajitunze na jua.

Labda mimi ndiye mjinga. Labda uvimbe unaoshuka umeshuka kweli. Nimeanza kumwangalia kwa pembe ya jicho, jambo lisilofaa, nikitafuta dalili. Anapokohoa, najua amekohoa. Anapokataa ugali, najua amekataa. Mwanzoni nilimwona kama amana ya mwanangu niliyowekewa. Sasa naona ni mtu mcheshi, mkaidi, anayepiga kelele kwa kuku kwa lugha ya kwao, na mimi nimekuwa baba mkwe wake miaka yote hii nikijua visigino vyake tu.

2 Julai

Mvua ya mawe. Mahindi ya chini yamechanika.

9 Julai

Leo nilitaka kumwambia. Nilikuwa na sentensi tayari. Ilikuwa na viungo vingi mno, na kabla sijaufikia mwisho wake mbuzi alikata kamba.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika haya kwa aibu kubwa.

Mvua ilikuwa nzito tangu adhuhuri. Nilisikia sufuria ikianguka jikoni, kisha kitu kizito kuliko sufuria. Nilitoka mbio. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amelala sakafuni kando ya meko, shuka la kiunoni limepanda juu ya magoti, kichwa chake kitupu kimegusa kuni. Macho yalikuwa wazi. Hakuweza kuinuka.

Nikasimama mlangoni.

Ningependa kuandika kwamba niliingia. Nilishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili na kumwita Waithera kwa sauti ambayo sijaitumia tangu ujana, na mvua ikaimeza sauti hiyo kwenye mabati. Nikaita tena. Nikamwambia yeye, si ukuta: "Mwanangu, usiogope, watu wanakuja." Hapakuwa na watu. Alinitazama. Hakuniomba niingie, kwa sababu yeye pia amelelewa vizuri. Moto ulikuwa karibu na mkono wake, na nilichoweza kufanya ni kuusukuma ukuni nje ya meko kwa fimbo yangu, nikiwa nimesimama palepale kizingitini.

Waithera alifika hatimaye akiwa na gunia kichwani, amelowa. Alinisukuma kando.

"Umesimama hapo kama mlingoti wa bendera! Mzee! Huyu ni mgonjwa, bana, si mkwe! Shika miguu!"

"Mama, siwezi..."

"Shika miguu ama uniondokee mlangoni!"

Niliondoka mlangoni. Alimvuta peke yake hadi kitandani, mwanamke mwenye umri wa kuwa na wajukuu, akihema. Damu ilikuwa imepungua kwa sababu ya dawa, ndiyo maana alianguka. Sasa amepata joto chini ya blanketi na amekunywa uji.

Heshima hii waliiweka wazee ili kumlinda mke wa mwana. Leo imezunguka mlango wake pande zote, na nilipohitaji kumfikia, ndiyo iliyonizuia.

20 Julai

Nimempigia Barasa, binamu yangu mkubwa wa Bokoli, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Nilimwomba heshima hii ilegezwe.

"Ilegezwe? Wewe Wabwile, umezeeka ukawa mzungu?"

"Ninaomba, ndugu. Kwa unyenyekevu."

Barasa alishusha sauti. "Wazee walikuwa wanafanya, kukiwa na shida. Mnapeana vitu mbele ya watu. Tafuta blanketi. Nitakuja na mashahidi."

Jumamosi, 2 Agosti

Imefanyika. Barasa alikuja na wazee wawili, na kwa upande wa wakwe akaja shangazi wa mke wa Matthew kutoka mlimani. Nilimfunika mke wa Matthew blanketi jipya mabegani mbele ya wote. Yeye alinipa kuku jogoo, ambaye alinidonoa kidole papo hapo, na shangazi akasema jogoo ametia sahihi. Barasa alitamka kwamba kuanzia leo huyu ni binti wa kuzaliwa, anaweza kunilisha na ninaweza kumwinua.

Kisha nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi, na vidole vilikuwa na sugu za sindano ya cherehani.

"Habari yako, Jepchumba," nikasema.

"Mzuri, Baba. Kumbe unajua jina langu!"

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwambia.

Tulikuwa tumeketi uani tukipukuchua maharagwe. Nilieleza yote: madoa ya kahawia, askari waliogeuzwa, hesabu ya kundi, makosa yangu ya kusimama kanisani kabla ya kuelewa. Nilimwomba msamaha mara nyingi mno, hata nikapoteza njia ya maneno.

Aliendelea kupukuchua. Kisha akaacha.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu mwanzo wa Juni."

"Kwa hivyo watu wananipigia makofi tangu Juni, na mimi napiga saluti kama mjinga."

"Si mjinga, mwanangu. Mjinga ni mimi."

"Hapana, wewe ni mwongo. Mwongo mwenye adabu." Alisimama, maharagwe yakamwagika. "Unajua nilikuwa nimeanza kupanga? Nimemwambia Matthew akirudi tujenge ya mawe. Kila kitu nimepanga juu ya hao askari wako! Ungeniambia, ningepanga kingine. Ama ningekosa kupanga. Lakini ingekuwa yangu."

Nilisema nilitaka apate furaha kidogo.

"Ilikuwa furaha ya nani?"

Aliingia ndani. Niliokota maharagwe moja moja. Hakuna jibu nililoweza kulipata kwa swali hilo ambalo lingenipendeza mimi na pia liwe kweli.

17 Agosti

Hasemi nami. Chakula huwekwa mezani. Ni kitamu kama kawaida.

24 Agosti

Kanisani leo walimwambia, "Askari tele!" Akajibu kwa sauti ya kusikika: "Ni tele, lakini wamekula hongo. Mniombee hivyo hivyo." Kisha mama mmoja mzee akasema, "Tutakuombea hivyo hivyo, mwanangu," na wakaomba bila makofi.

Tukirudi, alitembea kando yangu, si nyuma.

3 Septemba

Mahindi ya juu yanakauka vizuri. Sindano nyingine imechomwa. Daktari Jelagat anasema picha ya kifua itapigwa mwishoni mwa mwezi, na ndipo tutakapojua kama dawa inashinda.

11 Septemba

Amefunga tena skafu. Nilimuuliza, kwa kuwa sasa naruhusiwa kuuliza. Alisema ni baridi.

Haikuwa baridi.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada alileta kigoda akaketi mbele yangu uani, kwenye jua. Alifungua skafu, akaiweka mapajani. Shingo yake ni nyembamba sana.

"Baba, nataka kitu. Tangu juzi naogopa kushika hapa mwenyewe. Na Waithera nikimwambia atapiga kelele mpaka soko. Shika wewe."

"Jepchumba, mimi si daktari. Tungengoja picha..."

"Najua wewe si daktari. Shika. Lakini usiniambie ya kanisa. Niambie yenye mkono imesikia."

Aligeuza kichwa. Niliweka vidole vitatu chini ya taya, kisha nikavishusha taratibu kando ya mshipa hadi juu ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Ngozi ilikuwa na joto la jua. Mshipa ulikuwa ukipiga haraka. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Upande wa kushoto, ndani kidogo, palikuwa na kitu ambacho kilisogea chini ya kidole changu na kurudi mahali pake.

Nilikuwa na sentensi nyingi. Kwamba huenda ni tezi ya mafua. Kwamba mikono ya wazee haina hisia nzuri. Kwamba Mungu ni mwema na picha itapigwa mwishoni mwa mwezi. Zote zingepewa alama ya vyema na mwalimu yeyote wa shule ya misheni. Yeye alikuwa amefumba macho, akingoja.

"Upo," nikasema.

Alivuta pumzi, akaishikilia, akaiachia.

"Mkubwa?"

"Mdogo. Lakini ni mgumu."

"Sawa." Aliikunja skafu mapajani. "Sawa, Baba. Kesho twende Kitale."

"Niwie radhi, mwanangu," nikasema, nikaanza kuuondoa mkono.

"Wacha kuomba msamaha. Na usitoe mkono."

Sikuutoa.